Mtoto Aliyetoka Kinamasini

Siku za shule za wakati ule zilianzia jikoni. Nsimire aliamka, akapiga mswaki, akavaa shati la shule juu na suruali ya kulalia chini, kwa kuwa kamera haioni miguu, kisha akafungua kompyuta mezani, kati ya chupa ya chai na mkate. Ilikuwa Agosti 2021, baridi ya Sydney ilikuwa haijalegea, na mtaa mzima wa Minto ulikuwa umefungiwa ndani kwa sababu ya korona. Shule haikuwa mbali, lakini kwa majuma mengi walimu na wanafunzi walikuwa wakionana kwenye vioo vya kompyuta tu.

Asubuhi hiyo Trésor aliingia kutoka kazini akiwa bado na fulana yake ya rangi ya machungwa inayong'aa. Alikuwa binamu yake Nsimire, kijana wa miaka kumi na minane, mrefu kiasi cha kuinama mlangoni. Alipanga mizigo katika ghala moja huko Wetherill Park, na kila baada ya siku tatu ilimbidi atiwe kijiti puani apimwe korona, ama sivyo asingeruhusiwa kutoka mtaani kwao kwenda kazini.

"Pua yangu sasa inajua njia yenyewe," alisema akijimiminia chai. "Jana nimeona kwenye televisheni watu wa kule baharini wanatembeza mbwa ufukweni. Huku kwetu helikopta na wanajeshi wanatuchunga tusitoke. Nadhani virusi vya huku vimekula vizuri zaidi."

Nsimire hakucheka. Mwezi ule alikuwa na hasira, na hasira yenyewe haikuwa na mahali pa kukaa. Wiki iliyopita askari wawili walimsimamisha Trésor nje ya kituo cha treni na kumhoji anatoka wapi, ilhali mzungu aliyetangulia mbele yake alipita bila kuulizwa lolote. Trésor alilisimulia jambo hilo kama kichekesho. Nsimire alilibeba moyoni kama lilivyo.

Mwenye nyumba alikuwa Tantine Chibalonza, mama yake Trésor na dada mkubwa wa marehemu baba yake Nsimire. Wakongo wengi humwita shangazi tantine, na Nsimire, ambaye wazazi wake walifariki kambini Uganda akiwa mdogo, hakuwa na mama mwingine. Tantine alihudumia wazee katika nyumba ya kutunzia wazee huko Campbelltown. Alikuwa mwanamke wa maneno machache. Akikasirika alinyamaza, na ukimya wake ulijaza nyumba kuliko kelele za mtu mwingine yeyote.

Mwalimu wa historia, Bi. Haddad, alikuwa amewapa wanafunzi wa darasa la nane kazi nzito. Mwezi wa Januari dunia nzima iliona kwenye televisheni kundi la watu likivunja madirisha na kuingia kwa nguvu katika bunge la Marekani, likitaka matokeo ya uchaguzi yasithibitishwe. Mvulana mmoja darasani, Lachlan, alisema jambo kama lile halijawahi kutokea katika historia ya nchi ile. Bi. Haddad hakumbishia. Alimwambia kila mwanafunzi atafute tukio moja la zamani ambapo Wamarekani walinyang'anywa kura zao kwa nguvu, kisha awaeleze wenzake. Nsimire akaangukia mji wa Wilmington, jimbo la Carolina Kaskazini, mwaka 1898.

Yaliyotokea Wilmington yanatosha kumtia mtu hasira mpaka leo, na si vibaya kukasirika. Watu weusi walikuwa wengi mjini humo. Utumwa ulikuwa umekomeshwa kizazi kimoja tu nyuma, lakini tayari walikuwa na maduka, makanisa, mafundi, wanasheria na gazeti lao wenyewe. Walipiga kura pamoja na wazungu waliokubaliana nao, na baraza la mji likawa na watu wa rangi zote mbili. Hilo ndilo lilikuwa kosa lao. Wakubwa waliotaka utawala wa wazungu peke yao walitangaza uongo magazetini miezi kadhaa, wakisema wanaume weusi ni hatari kwa wake za wazungu. Uongo ulipoiva, mwezi wa Novemba, mamia ya wanaume wenye bunduki walilichoma moto jengo la gazeti la weusi, wakaua watu barabarani, wakawalazimisha meya na madiwani kujiuzulu, na siku ile ile wakakalia viti vyao. Viongozi weusi na wazungu waliowaunga mkono walipakiwa kwenye treni wakafukuzwa mjini. Kati ya wenye bunduki hakuna hata mmoja aliyeshtakiwa. Wauaji walijipanga mbele ya jengo lililoungua, bunduki mkononi, wakapigwa picha kama timu iliyochukua kombe.

Baada ya bunduki ikaja sheria. Jimbo liliweka mtihani wa kusoma kwa kila anayetaka kupiga kura, na wazungu wasiojua kusoma wakafunguliwa mlango wa nyuma, kwani mtu ambaye baba au babu yake aliwahi kupiga kura zamani alisamehewa mtihani. Babu za weusi wengi walikuwa watumwa. Katika miaka michache wapiga kura weusi wa jimbo lile, waliokuwa zaidi ya laki moja, walibaki elfu chache tu. Bunduki ilifanya kazi ya siku moja, sheria ikaiendeleza kwa zaidi ya miaka sitini. Na vitabu vikaandika kwamba weusi ndio waliozua fujo.

Nsimire alisoma yote hayo mpaka mwisho. Kilichomchoma zaidi ni kitu ambacho hakukipata. Maneno ya wauaji yalijaa tele, hotuba zao, majigambo yao, na ile picha. Alisoma pia kwamba familia nyingi za weusi zilikimbilia kwenye vinamasi nje ya mji, zikajificha majini na matopeni katika baridi ya Novemba, mama na watoto wao. Lakini kila alipotafuta maneno ya mama mmojawapo, mama mwenye mtoto mgongoni, hakuyaona. Wale wenye bunduki walikuwa na sauti mpaka leo, na wale wa matopeni walikuwa kimya.

Sasa, katika nyumba ile palikuwa na desturi. Kila mwaka, tarehe ya siku ambayo kijiji chao huko Kivu Kusini kilivamiwa, Tantine alipika ugali na sombe la majani ya muhogo, akaweka sahani moja ya ziada kwa ajili ya wale ambao hawakutoka, na kabla mtu hajagusa chakula alisimulia. Alisimulia kwa maneno yale yale, hakuongeza wala hakupunguza. Kwa kawaida watu wa kanisani walijaa sebuleni, lakini mwaka ule kwa sababu ya korona walisikiliza kwenye simu iliyoegemezwa kwenye bakuli la chumvi.

"Nilikuwa nasonga ugali," alisema Tantine. "Kuku walinyamaza kabla sijasikia bunduki. Nilifunga mtoto mgongoni nikakimbilia kinamasini. Maji yalinifika hapa kifuani. Mtoto alipotaka kulia nilimtia ncha ya kitenge mdomoni, nikawa namwomba apumue kwa pua. Walipita karibu. Niliona viatu vyao vya mpira. Asubuhi nilipotoka, mtoto alinitazama akacheka."

Mtoto huyo alikuwa Trésor, na kila mwaka sehemu ile ilipofika yeye mwenyewe alikohoa kidogo na kutazama dirishani.

Siku mbili baada ya kumbukumbu hiyo, Nsimire alikaa kuandika kazi yake. Alipofika kwenye vinamasi vya Wilmington, mkono ukasimama. Kisha ukaandika, kama vile wenyewe. Aliandika kwamba mama mmoja mweusi wa Wilmington alisema hivi, akaweka maneno ya Tantine. Ugali akaugeuza mkate wa mahindi. Kitenge akakigeuza shali. Viatu vya mpira akavifanya viatu vya ngozi. Alipofika mwisho aliona mtoto aliyecheka hatoshi. Watu wasioguswa na helikopta juu ya nyumba za wenzao wangeguswa na mtoto anayecheka? Basi akaandika kwamba asubuhi mama alipotoka majini mtoto alikuwa amekufa mgongoni.

Hakujiona mwongo. Alijiona anawatendea haki watu walionyamazishwa.

Zamu yake ilifika Jumanne. Tantine alikuwa na mapumziko siku hiyo, naye alikuwa kwenye sinki anaosha majani ya sombe aliyoletewa na mama mmoja wa kanisani. Trésor alikuwa amelala chumbani. Nsimire alizungumza vizuri, kwa Kiingereza kilichonyooka, na nyuso kwenye kioo zilikuwa zimetulia. Alieleza uongo wa magazeti, moto, treni na sheria. Kisha akapunguza sauti akasoma maneno ya yule mama.

"Kuku walinyamaza kabla sijasikia bunduki," alisoma.

Bomba la maji likafungwa nyuma yake. Nsimire alilisikia likifungwa na hakugeuka. Aliendelea mpaka kwenye shali, mpaka kwenye viatu, mpaka kwa mtoto aliyekufa. Msichana mmoja kwenye kioo alifuta macho. Bi. Haddad akamsifu kwa kazi nzuri.

"Maneno ya yule mama yamenigusa sana," alisema. "Umeyapata wapi, Nsimire? Ningependa kuyasoma yote."

"Kwenye tovuti moja," Nsimire alijibu. "Nitaitafuta nikutumie."

Kipindi kilipokwisha aligeuka. Tantine alikuwa amesimama na majani ya sombe mkononi, maji yakimdondoka kwenye viatu. Kiingereza chake alikijifunza kwa kusikiliza wazee wa kule kazini, na kilikuwa kinamtosha kabisa.

"Trésor alikufa lini?" aliuliza.

Kutoka chumbani ulisikika mkoromo wa Trésor. Tantine aliweka majani kwenye sinki, akafuta mikono, akaenda chumbani kwake na kufunga mlango polepole. Sombe halikupikwa siku hiyo.

Mchana mambo yaliharibika upande wa pili pia. Lachlan alikuwa ametafuta maneno ya yule mama mtandaoni, akayatafuta tena kwa njia nyingine, na hakuyapata popote. Aliandika kwenye ukumbi wa darasa wa mtandaoni kwamba Nsimire ameyatunga. Nsimire alipokaa kimya, akaongeza kwamba kama hayo ni ya kutunga, basi huenda na hayo mengine yote ya Wilmington ni ya kutunga, watu wanapenda tu kulia. Wengine wanne wakabonyeza alama ya kukubali. Mmoja wao alikuwa yule msichana aliyefuta macho.

Nsimire alisoma yale maneno mara mbili. Watu walichomewa mji wao, wakauawa, wakaandikiwa historia ya uongo kwa miaka mingi, na sasa watoto wa Sydney waliokuwa kwenye vitanda vyao walikuwa wakiwafuta tena kwa kidole kimoja. Alitaka kumtukana Lachlan kwa lugha zote alizozijua. Na chini ya hasira hiyo palikuwa na nyingine iliyomuuma zaidi, kwa sababu ilimhusu yeye mwenyewe.

Bi. Haddad alipiga simu kabla ya jioni. Hakupandisha sauti.

"Tovuti ile ipo?" aliuliza.

"Hapana, mwalimu."

"Yule mama yupo?"

"Yupo," Nsimire alisema. "Lakini si wa Wilmington."

"Wapo wajukuu wa watu wa Wilmington waliosimulia walichoambiwa na wazee wao," Bi. Haddad alisema. "Kama ungeniuliza ningekuonyesha pa kutafuta. Nimekasirika, Nsimire, nisikufiche. Ijumaa utasimama mbele ya darasa urekebishe. Usiporekebisha, kazi yote nitaifuta, na wenzako watabaki na kile alichosema Lachlan."

Nsimire aliweka simu chini akapiga meza kwa kiganja. Trésor, aliyekuwa ameamka na anatafuta chakula, alisimama mlangoni.

"Kwa nini mimi?" Nsimire alisema. "Wale waliua watu, hawakuulizwa hata swali moja. Mmoja wao akawa meya. Mimi nimeongeza mtoto mmoja tu, naambiwa nisimame mbele ya watu."

"Mtoto gani umeongeza?" Trésor aliuliza.

Hapo ikambidi amwambie. Trésor alisikiliza, akajikuna shingo, akatazama mlango wa chumba cha mama yake uliokuwa umefungwa.

"Umeniua," alisema. "Mbele ya Mama. Bon, haya. Mimi nimeshasamehe, niko na usingizi. Lakini yule mle ndani alinibeba usiku kucha nisife. Nenda kwake."

Nsimire alikwenda. Tantine alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mikono mapajani. Hakumwambia aketi, na Nsimire alibaki amesimama.

"Tantine, nisamehe. Nilitaka tu wasikie. Ukisema watu walijificha matopeni, hawasikii. Mpaka mtu afe."

"Mtu alikufa," Tantine alisema. "Umesema mwenyewe, wengi walikufa kule. Hao hawakutosha mpaka umwongeze mtoto wangu?"

Nsimire aliinamisha kichwa.

"Nikuulize. Unajua kwa nini nasimulia kila mwaka maneno yale yale?"

"Kwa kumbukumbu."

"Kumbukumbu, ndiyo. Lakini maneno yale nilianza kuyashika kambini. Kabla hawajatukubali kuja huku, maafisa wa wakimbizi waliniuliza mara tatu. Watu watatu, miezi mbalimbali. Kila mmoja ananiuliza polepole, anaangalia alichoandika mwenzake. Mara zote tatu kuku walinyamaza kwanza. Mara zote tatu mtoto alicheka. Walinitazama vibaya kama mwizi, nami nilikasirika, mwana yangu, usifikiri sikukasirika. Mimi ndiye niliyefukuzwa kwangu, na mimi ndiye niliyeshukiwa."

Alinyoosha shuka pembeni yake, kisha akaendelea.

"Jirani yetu kambini aliitwa Goreth. Mume wake aliuawa naye akiona. Mimi nilimjua huyo mume, alikuwa fundi wa baiskeli. Watu kwenye foleni wakamwambia Goreth kwamba mume peke yake hatoshi, hao wazungu wanasikia waume kila siku, sema na watoto waliuawa. Watoto wake walikuwa kwa mama yake, wazima, wanacheza. Akaenda akasema wameuawa. Lakini siku ya kwanza alipofika kambini alikuwa amewataja kuwa hai, naye alisahau. Yule mkubwa akafunga faili. Akasema mama huyu ni mwongo, hata mume hajulikani kama alikuwepo."

"Na mume alikuwepo," Nsimire alisema.

"Alikuwepo. Nilikula kwao. Siku ile Goreth alitoka mle ndani akakaa chini kwenye vumbi, akaniambia, 'Chibalonza, nimemuua mara ya pili.' Mpaka leo yuko kambini."

Nsimire alianza kulia. Tantine hakumbembeleza. Alimwacha alie, naye akaendelea kutazama ukuta, na sauti yake ilipotoka tena ilikuwa nzito.

"Huyo kijana wa darasani kwenu anasema mji wote ni uongo. Mimi simpendi kwa hilo. Lakini nani alimpa nafasi?"

"Mimi."

"Basi nenda kaifunge hiyo nafasi."

Siku zilizobaki kabla ya Ijumaa Nsimire alifanya kazi kama hajawahi kufanya. Alisoma upya kila kitu, akiuliza kila sentensi imetoka wapi. Aliwaandikia Lachlan na wenzake kwamba atajibu Ijumaa, wala hakutukana, ingawa vidole vilimwasha. Alikwenda kwa Tantine akaomba ruhusa ya kusema maneno yale yalikuwa ya nani. Tantine alimjibu kwamba atafikiria.

Ijumaa ilipofika Bi. Haddad alimkaribisha bila maelezo mengi. Nsimire aliona uso wake mwenyewe kwenye kioo, macho yamevimba, akaona heri aanze kabla hajaogopa zaidi.

"Jumanne niliwadanganya," alisema. "Maneno ya yule mama hayakutoka Wilmington. Niliyachukua nyumbani kwetu, na mtoto nilimuua mimi. Lachlan alikuwa sahihi kuuliza."

Lachlan, ambaye kamera yake siku zote ilikuwa imezimwa, aliiwasha.

"Lakini hakuwa sahihi kusema kwamba yote ni ya kutunga," Nsimire aliendelea, na sauti yake ikapata nguvu. "Moto ulikuwepo. Waliochoma walipiga picha wenyewe, hii hapa, hakuna aliyewalazimisha. Hotuba za viongozi wao zipo, wanajisifu. Sheria ya mtihani ipo, imeandikwa. Mwaka 2006 tume iliyoundwa na jimbo lenyewe ilitoa ripoti na kueleza kwamba mambo yale yalipangwa. Idadi ya waliouawa haijulikani. Wengine wanasema makumi, wengine wanasema mamia. Haijulikani kwa sababu waliotawala baada ya mauaji ndio wale wale walioua, nani angehesabu? Nilitafuta maneno ya mama mmoja mwenye mtoto matopeni, sikuyapata. Wale waliolichoma gazeti la watu wake walijua wanachoma nini. Jumanne niliona aibu kuja mikono mitupu, nikajaza pengo. Leo nimeliacha wazi mlione. Pengo hilo wamelitengeneza wao."

Kisha Lachlan akakohoa.

"Hiyo picha," alisema. "Hao wanaume wamesimama hivyo, mchana, na hakuna aliyekamatwa?"

"Hakuna."

"Mimi nilisema halijawahi kutokea." Alisema hivyo taratibu, akitazama pembeni. "Sikujua. Lakini yule mama mwingine, wa nyumbani kwenu. Yeye ni wa kweli?"

Nsimire alitaka kujibu, akahisi mkono begani. Tantine alikuwa amekwisha kuvaa sare ya kazini, barakoa ikining'inia sikio moja, basi lake likiwa karibu kufika. Alivuta kiti akaketi mbele ya kamera, karibu sana, hata nusu ya paji lake ikapotea.

"Ni mimi," alisema kwa Kiingereza chake. "Jina langu Chibalonza. Haikuwa Marekani. Ilikuwa Kongo, na mimi bado nina umri mzuri, msinifanye wa mwaka 1898." Watoto wawili watatu walicheka. "Maji yalinifika hapa. Yote mliyosikia ni ya kweli, isipokuwa mwisho."

"Mtoto?" Lachlan aliuliza.

Tantine aligeuza kichwa. "Trésor, kuja hapa," aliita kwa Kiswahili.

Trésor alitoka chumbani na fulana yake ya machungwa, nywele zimelala upande mmoja, akainama mlangoni. Kwenye kioo kifua chake tu ndicho kilionekana, ikambidi apige magoti ili uso uingie.

"Habari za asubuhi," aliwaambia darasa la nane. "Nimesikia nilikufa."

Bi. Haddad aliziba mdomo kwa mkono. Nyuso zote kwenye kioo zilikuwa zimesogea mbele, zikimtazama yule kijana mwenye usingizi. Msichana aliyefuta macho Jumanne aliyafuta tena, na safari hii Nsimire hakuona fahari yoyote, aliona tu kwamba wamesikia.

Jioni Tantine aliporudi alipika sombe lililokuwa limelala kwenye jokofu tangu Jumanne. Walikula bila haraka. Trésor alisema kwamba akifa tena aambiwe mapema, aombe ruhusa kazini. Nsimire alicheka kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, kisha akaona Tantine anamtazama, akaacha.

"Bado umekasirika, Tantine?"

"Bado. Itapita." Tantine alimega ugali, akaufinyanga. "Na wewe?"

"Mimi bado nimewakasirikia wale watu. Na askari wa kituoni. Na ile helikopta."

"Endelea kukasirika. Sikukuambia uache. Watu wakiona jambo kama lile wasikasirike, wana ugonjwa. Lakini sikiliza. Wale wa Wilmington walianza na nini, kabla ya bunduki?"

Nsimire alifikiri. "Na uongo. Kwenye magazeti."

"Voilà, ndiyo hiyo. Uongo ni kitu chao. Walihitaji uongo kwa sababu ukweli ulikuwa haupo upande wao. Wewe ukweli uko upande wako wote, halafu unakwenda kuazima kitu chao? Ukiwa na kisa cha kweli, kiseme kama kilivyo, hata kama unakiona kidogo. Usikipambe, maana siku watakapoyaona mapambo, watakitupa chote, na aliyekufa atakufa tena."

Nsimire aliitikia kwa kichwa. Tantine alikula kidogo, akanywa maji, kisha akasogeza ile sahani ya ziada ambayo tangu siku ya kumbukumbu ilikuwa bado iko juu ya kabati, akaiweka mbele ya Nsimire.

"Mimi nazeeka, sauti yangu inachoka," alisema. "Mwaka kesho utasimulia wewe. Neno kwa neno. Na mtoto acheke."